Shule ya Padri, Watoto wa Nani?
Mhadhara kuhusu wazazi, jamii na shule za msingi za Kanisa Katoliki katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado

Waheshimiwa mapadre na masista, masheikh wetu, walimu, wazazi, na ndugu zangu mliovuka Ruvuma kutoka pande zote mbili: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mada ya leo haiwezi kufunguliwa kwa salamu moja. Ukianzia mdomo wa Ruvuma ukashuka na pwani kupita Palma, Mocímboa da Praia, Mucojo na Quissanga hadi visiwa vya Ibo na Matemo, wengi wa wenyeji ni Waislamu. Palma utasikia Kiswahili, kuanzia Mocímboa kushuka utasikia Kimwani, na kila mahali Kimakonde na Kimakua vimechanganyika navyo. Ngome ya Ukatoliki iko juu, kwenye uwanda wa Mueda na Muidumbe. Kwa hiyo Kanisa linapofungua shule ya msingi pwani, darasani wanaingia watoto wa mvuvi aliyesali alfajiri msikitini na watoto wa mkulima aliyebatizwa katika misheni ya Nangololo. Watu huiita shule ya padri. Ninachotaka tujadili ni hiki: ikiwa shule ni ya padri, mwenye mtoto ana neno gani ndani yake?

Nitaisema hoja yangu mapema ili mnipime nayo. Katika eneo hili mzazi ameitwa mara nyingi sana kuchangia na mara chache sana kuamua. Ameitwa kukata miti, kuleta nyasi za kuezekea, kufyatua matofali, kutoa sadaka. Kupanga ratiba, kukagua fedha, kusema dini ifundishwe vipi na lugha gani itumike, hayo yamekaa mikononi mwa wengine. Nasema shule ya Kanisa haitakuwa shule ya jamii hadi mambo hayo manne yawekwe mezani mbele ya mzazi.

Tuanze na historia, maana wazazi wa leo wameirithi hata kama hawakuisoma.

Wamisionari wa Shirika la Montfort walifungua misheni ya Nangololo mwaka 1924. Miaka kumi na sita baadaye, mwezi Mei 1940, Ureno na Vatikani zilitia sahihi Konkordati pamoja na Mkataba wa Kimisionari, na mwaka 1941 ikafuata Sheria ya Misheni. Kwa maandiko hayo serikali ya kikoloni ililikabidhi Kanisa Katoliki elimu ya Waafrika. Elimu yenyewe iliitwa ya awali, nayo ilikuwa Kireno kidogo, hesabu, katekisimu na kazi za mikono. Mwalimu alikuwa katekista, na katekista ndiye mwalimu. Wazee wengi waliopita kwenye shule hizo wamesimulia jinsi saa za jembe kwenye shamba la misheni zilivyozidi saa za kalamu.

Mzazi wa uwandani hakuulizwa kama aitaka shule ya namna hiyo, wala hakuulizwa pale wamisionari walipoikemea ngoma ya mapiko na mambo ya jando. Mzazi wa pwani alikuwa na swali gumu zaidi. Shule ilikuwa ya Kanisa na Kanisa lilikuwa mshirika wa dola, hivyo kumpeleka mtoto kulionekana kama kumpeleka akabatizwe. Wengi walimbakisha chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Tusiwacheke. Pwani hii ilikuwa na kisomo chake kabla ya misheni yoyote. Katika karne ya kumi na tisa machifu wake waliandikiana barua na maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mzazi aliyekataa shule ya padri alikuwa akiilinda elimu aliyokuwa nayo tayari.

Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama, na gharama ililipwa na wajukuu. Uhuru ulipokuja, ofisi zilitaka Kireno, na Kireno kilikuwa kwa waliopita misheni. Manung'uniko mengi ya vijana wa pwani, kwamba vyeo na kazi huenda kwa wa uwandani, yana mzizi mmoja katika darasa lile ambalo babu zao hawakuweza kuliingia bila kuhofia dini yao.

Sasa tazameni kilichotokea vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai. Shule za misheni zikafungwa katika maeneo ya mapigano, na katika maeneo yaliyokombolewa zikazaliwa shule za porini. Wanakijiji walijenga vibanda chini ya miti mikubwa ili ndege za Wareno zisivione. Wakapokezana kupika uji wa watoto, wakaficha madaftari machache yaliyovuka Ruvuma kutoka Tanzania, na bomu likianguka waliihamisha shule yote usiku. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake kwa darasa moja au mawili. Waliosonga mbele walipelekwa Tunduru na Bagamoyo. Shule hizo zilikuwa fukara kuliko za misheni kwa kila kipimo, na hazikuwa huru na siasa, maana chama kilichoongoza vita kilikuwa na neno lake. Hata hivyo mzazi alijua shule iko wapi leo, nani anafundisha na kesho watoto watakula nini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekaa kikao kupanga. Huo ndio ushirikishwaji mpana zaidi ambao elimu ya Cabo Delgado imewahi kuuona, na uliongozwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Baada ya uhuru, tarehe 24 Julai 1975, serikali ilitaifisha shule zote, za misheni zikiwemo. Zaidi ya asilimia 90 ya Wamsumbiji wakati huo hawakujua kusoma na kuandika, na hoja ya serikali kwamba elimu isiwe mali ya dini ilieleweka. Tanzania ilikuwa imekwisha kuchukua shule za madhehebu kwa sheria ya mwaka 1969. Lakini hapa tena mzazi alihamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila kuulizwa. Mlango ulifunguka upya kwa Sheria namba 6 ya mwaka 1992, mwaka uleule wa mkataba wa amani wa Roma. Kutoka hapo zikaenea shule za ubia, ambapo Kanisa linatunza majengo na uongozi, serikali inaleta mtaala na kulipa walimu.

Ubia huo una pande mbili zilizoandikwa. Upande wa tatu, wenye watoto, umebaki kuombwa msaada.

Si kwamba sheria hazipo. Kila shule ya msingi Msumbiji inatakiwa kuwa na baraza la shule, lenye wawakilishi wa walimu, wanafunzi, wazazi na jamii. Tangu mwaka 2003 serikali imekuwa ikipeleka shuleni fedha za ruzuku ya moja kwa moja, kwa ajili ya chaki, madaftari, matengenezo madogo na msaada kwa watoto wenye shida, na baraza ndilo linalotakiwa kuafiki matumizi. Wakenya wamekwenda mbali zaidi kwenye karatasi. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka katika bodi ya shule wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa mfadhili, na mfadhili huyo mara nyingi ni kanisa. Sita kwa watatu. Huo ni uwiano unaosema jambo.

Na Kanisa lenyewe limesema nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 796, inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi, wawasikilize kwa moyo, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuheshimiwa. Kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuingia katika imani Katoliki. Padri anayemweka mzazi Mwislamu katika baraza la shule na kumsikiliza anatii sheria ya Kanisa lake. Hajalegeza kitu.

Basi kasoro iko wapi? Njooni kwenye mkutano wa wazazi. Mikutano ya namna hii naijua, na nyinyi mnaijua. Watu wameitwa saa mbili, umefunguliwa saa nne. Wanaume wako kwenye mabenchi yaliyotolewa darasani, wanawake wamekaa chini ya mkorosho juu ya capulana zao, watoto mgongoni. Mkuu wa shule anasoma taarifa kwa Kireno, kurasa mbili. Mwalimu kijana anatafsiri kwa Kimwani, sentensi nne. Kisha daftari linazungushwa, asiyejua kuandika anabonyeza kidole gumba kwenye wino. "Kuna swali?" Kimya. Mkutano umefungwa, na muhtasari utaandika kwamba wazazi wameafiki.

Fuatana sasa na wanawake watatu wanaorudi nyumbani. Njiani ndipo mkutano wenyewe unapofanyika. Mmoja anasema choo cha wasichana hakina mlango, na binti yake wa darasa la sita hukaa nyumbani siku zake zikifika. Wa pili anauliza zile fedha za serikali zimenunua nini, maana mwanawe bado anaandika nyuma ya daftari la mwaka jana. Wa tatu ana jambo la mwalimu wa chuo, kwamba zamu ya mchana imegongana na masomo ya Kurani na mtoto anakatwa vipande viwili. Hoja tatu, zote za kiutawala, zote zina majibu, na hakuna hata moja iliyofika kwenye daftari.

Ndiyo maana nasema mambo manne yawekwe mezani. La kwanza ni kalenda. Mwaka wa shule Msumbiji hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, masika yakiwa yamekolea. Hiyo ndiyo miezi ya palizi, ghala limekwisha na mavuno hayajafika, na familia nyingi zimehamia vibandani mashambani kulinda mazao yasiliwe na ngedere na nguruwe. Wavuvi nao hufuata upepo, wakienda dago na wake na watoto. Shule inayopiga kengele bila kujua hayo itahesabu utoro, na itamlaumu mzazi kwa kutojali. Baraza lenye mvuvi na mkulima ndani yake lingeweza kupanga mitihani ya ndani, chakula cha mchana na masomo ya kufidia kwa kufuata maisha ya watu. Lingeweza pia kukaa na makungwi na wazee wa jando wakakubaliana kwamba sherehe zifanyike katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na kwamba binti akitoka unyagoni anarudi darasani, haendi kuolewa. Msumbiji ina sheria ya mwaka 2019 inayokataza ndoa za watoto. Sheria hiyo itafika kijijini ikiwa kungwi na mkuu wa shule wanajuana kwa majina.

La pili ni fedha. Kiasi kilichoingia na kilichotumika kibandikwe ukutani, na kisomwe kwa sauti kwa lugha ya watu. Wako watakaosema wazazi hawa hawana elimu ya kukagua hesabu. Ni kweli kwamba sensa ya mwaka 2017 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wa Cabo Delgado hawajui kusoma na kuandika, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 39. Lakini wanawake haohao huendesha upatu, wao huuita xitique, bila kupotea hata metikali moja, kila mtu akikumbuka zamu yake na deni lake. Wavuvi wana mabaraza yao ya uvuvi, yanayokubaliana nyavu zipi zitumike na eneo gani lipumzishwe. Mtu anayeweza kuzuia juya la jirani yake lisivue matumbawe hashindwi kuuliza katoni za chaki ziko wapi.

La tatu ni dini, na hapa tuzungumze bila kuzungukana. Shule ya Katoliki ina haki ya kuwa ya Katoliki. Msalaba uwepo ukutani, sala iwepo asubuhi, sikukuu ya somo wa shule isherehekewe. Mzazi Mwislamu ana haki ya kujua kwa maandishi, siku ya kuandikisha, kwamba katekisimu ni kwa watoto wa Kikatoliki na inafundishwa saa zake, kwamba binti yake hatavuliwa mtandio, kwamba Ijumaa ratiba inamruhusu mtoto kuwahi msikitini, na kwamba Ramadhani haitampata akikimbizwa uwanjani saa saba za jua. Mwaka 2026 Ramadhani imeangukia majuma ya mwanzo ya muhula. Jambo la namna hiyo hupangwa mapema, na mtu wa kulipanga ni mwalimu wa chuo akiwa amekaa ndani ya baraza. Shule zetu nyingi huenda kwa zamu, ya asubuhi na ya mchana. Mwalimu wa chuo naye ana saa zake. Watu wawili wanaofundisha watoto walewale, katika mtaa uleule, hawana sababu ya kugawana siku bila kusemezana.

La nne ni lugha na maarifa ya mahali. Mtaala wa mwaka 2004 ulifungua mlango wa elimu ya lugha mbili, na Kimwani, Kimakonde na Kimakua ni miongoni mwa lugha zilizoingia. Mtaala huohuo ulitenga asilimia 20 ya muda kwa mambo ya mahali, yachaguliwe na jamii. Asilimia 20 ni sawa na siku moja nzima kila juma! Siku hiyo mara nyingi hujazwa na usafi wa uwanja. Ibo kuna wafua fedha wanaovuta waya mwembamba kama uzi na kuusokota kuwa kidani. Mocímboa na Palma kuna mafundi wa mashua wanaokata mbavu za chombo kwa macho, bila mchoro. Mleteni fundi darasani na kipande cha mkuruti, awaonyeshe watoto jinsi anavyopima pembe, halafu mwalimu wa hesabu aendelee alipoachia. Siku hiyo mzazi ataingia shuleni akiwa ameshika kitu anachokijua.

Naomba niongeze neno juu ya familia yenyewe, maana fomu zetu za kuandikisha zina makosa. Fomu inataka jina la "encarregado de educação", yaani mlezi anayehusika na masomo ya mtoto, mtu mmoja, na mkuu wa shule humtafuta baba. Kwa Wamakonde na Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno zito kuliko baba kuhusu mtoto aende wapi. Kwa wavuvi baba yuko baharini, na bibi ndiye anayejua kama mtoto amekula. Na kwa vita vya sasa, mlezi anaweza kuwa dada wa miaka kumi na tisa. Mkono mmoja haulei mwana, na sahihi moja haitoshi. Fomu iwe na nafasi mbili au tatu, na mwaliko wa mkutano umfikie yule anayemwamsha mtoto asubuhi.

Nimevitaja vita hivi. Shambulio la kwanza lilikuwa Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kikaja juu ya vita, kikang'oa paa za shule Macomia, Quissanga na Ibo. Mwaka 2020 misheni ya Nangololo ilishambuliwa na kuharibiwa, mji wa Mocímboa ukaangukia mikononi mwa wapiganaji, na masista wawili waliokuwa pale wakatekwa kwa majuma kadhaa kabla ya kuachiwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwishoni mwa 2022 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Mwezi Oktoba 2020 majahazi yalishusha maelfu katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, Waislamu na Wakristo kwenye chombo kimoja, na waliowapokea walikuwa majirani wa mtaa, msikiti na Kanisa.

Tafakarini mtoto aliyeshuka pale. Hana cédula, cheti cha kuzaliwa kimeungua. Rejista ya shule yake imeungua. Nani atasema alikuwa darasa la ngapi? Watakaoweza kusema ni wazazi waliokuwa wakiijua shule: aliyekaa barazani, aliyewapikia, mjomba aliyewahi kuitwa kuhusu utoro wake. Kama mzazi alikuwa mbebaji wa matofali tu, kumbukumbu ya shule imekufa na jengo. Hapa ndipo ushirikishwaji unapoacha kuwa neno la warsha.

Wengi sasa wamerudi Palma na Mocímboa, wengine wamerudi na kukimbia tena. Madarasa yanajengwa upya kwa fedha za serikali, za mashirika na za Kanisa. Kuna haraka ya kukata utepe. Naogopa haraka hiyo, kwa sababu inaweza kuturudisha mwaka 1941: shule nzuri, iliyoletwa na wenye nguvu, katikati ya watu ambao hawakuulizwa. Mzazi aliyerudi ana mambo ya kuamua kabla ya rangi ya ukuta. Shule ikae wapi ili mtoto asipite porini? Watoto wa waliohama na wa wenyeji wachanganywe vipi? Kengele ya hatari ikilia, nani anachukua darasa lipi na kukimbilia upande gani?

Kwa mapadre na masista nina ombi moja. Kabla muhula haujafunguliwa, iteni baraza, mkae na mwalimu wa chuo, kungwi, mvuvi, bibi anayelea wajukuu na mwanafunzi mmoja wa darasa la juu. Mkutano uendeshwe kwa Kimwani au Kiswahili, na anayehitaji Kireno ndiye atafsiriwe. Wekeni mezani kalenda, fedha, dini na lugha, na yale watakayoamua yaandikwe na kutekelezwa hata yasipowapendeza. Michango ombeni mwisho wa kikao. Mtaona wenyewe kama itakuwa midogo.

Kwa wazazi: mkiitwa, msikae kimya halafu mkamaliza mkutano njiani. Semeni choo hakina mlango.

Sasa niko tayari kwa maswali, na tuanze na waliokaa chini ya mkorosho.